Namna ya Kuchagua Miradi ya Kodi ya Mauzo ya Jiji

Mwongozo huu ni wa mjumbe wa kamati ya wananchi katika jiji la Marekani ambalo baraza lake linakusudia kutoza kodi ya mauzo ya muda maalumu. Mfano wetu ni Oklahoma City. Tangu 1993 jiji hilo limejenga kwa mpango uitwao MAPS: senti moja kwa kila dola ya manunuzi, kwa muda uliotajwa, bila kukopa. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka moja, rudi.

Andaa lahajedwali moja, ramani ya kata zote, ripoti za makusanyo ya kodi za miaka 10, mwanasheria wa jiji na mkadiriaji majenzi.

Istilahi tatu zitatumika. Kikomo: jumla ya fedha zinazoweza kugawiwa miradi. Uendeshaji: mishahara, umeme, maji, bima na matengenezo ya kila mwaka baada ya ufunguzi. Mlezi: idara au shirika litakalolipia uendeshaji.

1. Uliza sheria. Mwandikie mwanasheria maswali matatu: je, lazima wakazi wapige kura? Je, fedha zinaweza kulipia uendeshaji, au majengo tu? Je, miradi mingi inaweza kuwekwa kwenye kura moja? Usianze hatua ya 2 kabla ya kupata majibu ya maandishi.

2. Pima nani analipa. Chukua risiti ya duka la vyakula, tafuta mstari wa kodi. Jimbo la Oklahoma liliondoa asilimia 4.5 yake kwenye vyakula Agosti 2024, lakini sehemu ya jiji ilibaki. Unga, mchele na maharage ya dola 100 huko Oklahoma City bado hubeba kodi ya takriban dola 4.13, na humo dola 1 ni ya MAPS. Familia yenye kipato kidogo huacha dukani sehemu kubwa zaidi ya kipato chake. Mkimbizi kutoka Kongo ambaye hajapata uraia hulipa senti ileile, ila hapigi kura; sauti yake itaingia kwenye hatua ya 4.

3. Kokotoa kikomo. Chukua mwaka wenye makusanyo ya chini kabisa kati ya 10, si wastani. Zidisha kwa idadi ya miaka ya kodi, kisha toa asilimia 10 iwe akiba. Kwa kulinganisha ukubwa, MAPS 4, awamu ya nne ya mpango huo, iliyopitishwa kwa kura tarehe 10 Desemba 2019, ilipangiwa dola milioni 978 kwa miaka 8, yaani takriban milioni 122 kwa mwaka. Hakiki: watu wawili wakokotoe kila mmoja peke yake. Majibu yakipishana hata kwa dola moja, rudieni.

4. Kusanya mapendekezo. Tumia fomu ya ukurasa mmoja: mahali, watumiaji, mlezi anayependekezwa. Fanya vikao vya wazi jioni, na mkalimani awepo. Pendekezo lisilo na mahali lirudishwe kwa mwenyewe likamilishwe; mengine yote yapokelewe, hata yanayochekesha.

5. Kadiria gharama. Andika tarehe ya kila makadirio. Kodi isiyokopewa hujenga kadiri fedha zinavyoingia, kwa hiyo mradi wa mwisho husubiri huku bei zikipanda. Mradi wa dola milioni 10 leo, bei zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, utagharimu takriban milioni 12.16 baada ya miaka 4. Ingiza bei ya mwaka wa ujenzi, si ya leo. MAPS ya kwanza ilipungukiwa, na mwaka 1998 wapiga kura wakaombwa kuongeza miezi 6 ya kodi. Walikubali, usitegemee wako watakubali.

6. Tafuta mlezi. Hapa ndipo miradi mingi hufa baada ya utepe kukatwa: jengo lipo, taa hazina wa kuzilipia. Kwa kila mradi dai barua yenye sahihi inayotaja kiasi cha uendeshaji kwa mwaka, chanzo chake na idadi ya miaka. Barua isemayo “tutajitahidi” si barua. Vituo vya afya ya wazee vya MAPS 3 vilijengwa na jiji, vikakabidhiwa mashirika washirika kuviendesha. Mgawanyo wa namna hiyo unafaa ukiandikwa mapema. Hakiki: mradi usio na barua hauingii hatua ya 7.

7. Pigia alama. Vigezo ni vinne: uhitaji, idadi ya watumiaji, usawa kati ya kata, uhakika wa uendeshaji. Kila kimoja kipate 0 hadi 5. Kila mjumbe ajaze peke yake kabla ya mjadala. Alama za wajumbe wawili zikitofautiana kwa 3 au zaidi katika kigezo kimoja, kila mmoja atoe sababu, kisha wajaze upya mara moja tu.

8. Kata orodha kwenye kikomo. Panga kwa alama, jumlisha kutoka juu, simama kabla ya kuvuka. Usipunguze kila mradi kidogo ili yote ienee. Nusu ya bwawa la kuogelea haiogeleki. MAPS 4 ilifunga miradi 16 pamoja: dola milioni 140 za bustani, milioni 50 za wasio na makazi, na pia milioni 115 za ukumbi wa michezo. Aliyetaka makazi ilimbidi aupokee na ukumbi. Fungu la namna hiyo huvuta kura, lakini pia humficha dhaifu nyuma ya mwenye nguvu. Kwa hiyo chapisha alama zote, kata kwa kata.

9. Andika azimio. Taja kwa kila mradi jina, mahali, kiasi, mlezi na mwaka wa kuanza. Hakiki: mpe mtu asiye wa kamati alisome mara moja, kisha umuulize mambo hayo matano. Akikosa moja, andika upya.

10. Unda bodi ya usimamizi kabla ya siku ya kura. Zabuni ikizidi makadirio kwa zaidi ya asilimia 10, bodi isimamishe mradi huo. Akiba ya hatua ya 3 ifunguliwe kwa kura ya wazi, na kiasi kilichotolewa kiingizwe kwenye lahajedwali siku hiyohiyo.