Kutoka C Hadi B: Usahihishaji wa Insha ya Kiingereza na Mwanafunzi Mswahili wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi insha ya Kiingereza inavyosahihishwa katika mtihani wa KCSE, hususan kwa faida ya wanachama watakaofanya mazoezi ya ualimu katika shule za Likoni, Kisauni na Changamwe. Huenda msomaji akauliza Kiingereza kinatafuta nini katika jarida la Kiswahili. Jibu litajitokeza tutakapofika kiwango cha C, kwani hapo ndipo Kiswahili kinaposhtakiwa.

Somo la Kiingereza hutahiniwa kwa karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Karatasi ya tatu, yenye alama 60, ina insha tatu za alama 20 kila moja: mbili hutokana na vitabu teule vya fasihi na moja ni ya ubunifu. Hii ya ubunifu ndiyo tunayoishughulikia.

Wengi hudhani kwamba mtahini huanza na alama 20 kisha akapunguza kila aonapo kosa. Sivyo. Mwongozo wa Baraza la Mitihani la Kenya humtaka kwanza ajiulize: je, mtahiniwa huyu anawasiliana? Jibu ndilo linaloiweka insha katika kimojawapo cha viwango vinne. D ni alama 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15, na A ni 16 hadi 20. Kila kiwango nacho kina ngazi zake. C ya chini ni 6 na 7, ya wastani ni 8, ya juu ni 9 na 10. Kabla ya kazi yenyewe kuanza, watahini husahihisha pamoja nakala za majaribio ili vipimo vyao vilingane.

Katika D, mtahini hulazimika kubahatisha maana. Katika A, insha husisimua, ina ukomavu na mara nyingi ucheshi, wala jasho la mwandishi halionekani. Viwango hivi viwili havina utata mkubwa. Ugumu uko C, ambako insha inaeleweka kwa kiasi, mwandishi hajiamini, na athari ya lugha ya mama inasikika. Kwa mtoto wa Siaya, lugha hiyo ni Kidholuo. Kwa mtoto wa Likoni au Kisauni ni Kimvita, pengine Kidigo au Kigiriama. Huko Changamwe, ambako bandari na viwanda vimekusanya watu wa kila pembe ya nchi, watoto wengi hucheza kwa Kiswahili hata kama wazazi wana lugha nyingine.

Hebu tuitazame athari yenyewe. Mwanafunzi anaandika "My uncle he came". Mwalimu anapiga mstari mwekundu chini ya "he" na kupita. Mwanafunzi haelewi, kwani katika "mjomba alikuja" ile a- haiachwi. Yeye amefasiri kiambishi cha nafsi. Vivyo hivyo, "the ferry which I boarded it" ni "feri niliyoipanda", ambapo -yo- na -i- zote mbili zimefasiriwa kwa uaminifu mkubwa. Akiandika "I heard a bad smell", ni kwa sababu Mswahili husikia sauti, husikia harufu na husikia njaa kwa kitenzi kimoja. Na anayemtaja mamake kwa "he" hajasahau jinsia ya mzazi wake. A- yetu haibagui mume na mke. Makosa haya yana kanuni, na aliyeonyeshwa kanuni anaweza kuyasaka mwenyewe katika dakika tano za mwisho.

Kazi hii mwalimu wa Kiingereza asiyekijua vyema Kiswahili hawezi kuifanya peke yake. Sisi tuliosoma mofolojia tunaiweza. Kwa maoni yangu, ile desturi ya kumwadhibu mwanafunzi kwa kusema Kiswahili siku ya Kiingereza haiondoi hata kosa moja kati ya haya. Humnyamazisha tu, na aliyenyamaza hapati ufasaha wa lugha yoyote.

Ikumbukwe pia kwamba tangu KCSE ya 2023, gredi ya jumla huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Mwanafunzi wa pwani anaweza basi kuegemea Kiswahili. Wapo walioichukua nafuu hiyo kama ruhusa ya kukitupa Kiingereza, ilhali maswali ya Biolojia, Jiografia na Historia yote huulizwa na kujibiwa kwa Kiingereza. Kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 linatarajiwa kuufanya mtihani huu mwaka wa 2027. Waliobaki hawana muda wa kupoteza.

Aidha, mwenye alama 9 asihimizwe kukariri misemo mizito ya Kiingereza. Insha nyingi za B ni safi na hazina madoido, na mwongozo wenyewe huwatahadharisha watahini wasizipunje. Mwalimu na aandike ubaoni sentensi kumi za Kiswahili zenye -o- rejeshi na kiambishi cha mtendwa, wanafunzi wazifasiri kwa Kiingereza, kisha kila mmoja ahesabu ni "it" na "them" ngapi alizozileta kutoka nyumbani.