Nani Atausemea Mti? Somo Kuhusu Maadili ya Mazingira

Mwaka wa 1989, Profesa Wangari Maathai alikwenda mahakamani jijini Nairobi kuzuia ujenzi wa jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park. Kesi yake ilitupwa. Mahakama ilisema hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha hasara ambayo angepata yeye binafsi kuliko Wakenya wengine. Kwa maneno mengine, bustani ilikuwa ya umma, lakini mwananchi wa kawaida hangeweza kuitetea kortini.

Leo sheria inasema vingine. Nyuma ya mabadiliko hayo kuna swali ambalo wanafikra wa mazingira wameliuliza kwa miaka mingi: je, binadamu ana wajibu gani kwa ardhi, maji na viumbe vinavyomzunguka? Watatu kati yao wanatosha kutufungulia somo hili.

Aldo Leopold: ardhi ni jamii

Leopold alikuwa afisa wa misitu nchini Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Wakati huo aliunga mkono kuuawa kwa mbwa-mwitu, akiamini kwamba wakipungua kulungu wataongezeka na wawindaji watafaidika. Baadaye aliona matokeo. Pasipo mbwa-mwitu, kulungu walizidi, wakatafuna miche hadi milima ikabaki wazi, kisha wao wenyewe wakafa njaa.

Katika kitabu chake, A Sand County Almanac, kilichotolewa mwaka wa 1949 baada ya kifo chake, alifundisha kwamba udongo, maji, mimea na wanyama ni jamii moja na binadamu. Mwenye shamba si bwana wa jamii hiyo bali ni mmoja wao. Haitoshi kuuliza shamba litaleta faida gani. Aulize pia kama analotenda ni haki.

Rachel Carson: haki ya kujua

Mwaka wa 1962, mwanabiolojia Rachel Carson, pia wa Marekani, alichapisha Silent Spring. Alionyesha kwamba dawa za kuua wadudu kama DDT hazibaki shambani. Huingia majini, kwa samaki, kwa ndege, na hatimaye katika chakula cha binadamu. Kampuni za kemikali zilimshambulia vikali. Hata hivyo, hakutaka kila dawa ipigwe marufuku. Alisisitiza kwamba watu wana haki ya kujua wananyunyiziwa nini. Alifariki mwaka wa 1964. Miaka minane baadaye, Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT katika kilimo.

Wangari Maathai: mazingira na uongozi

Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977 baada ya kusikiliza akina mama wa mashambani: kuni zilikuwa mbali na vijito vilikuwa vikikauka. Walianza na vitalu vya miche. Lakini aligundua kwamba kupanda miti hakutoshi ikiwa ardhi ya umma inanyakuliwa. Ndiyo maana alitetea Uhuru Park, na baadaye Msitu wa Karura. Alishindwa kortini, lakini jengo lile halikujengwa. Mwaka wa 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Kutoka maadili hadi sheria

Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya (Kifungu cha 42). Kifungu cha 69 kinamtaka kila mtu kushirikiana na wengine kuyalinda. Kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani haki hiyo inapokiukwa, bila kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Mlango uliofungwa mwaka wa 1989 sasa uko wazi.

Mkazi anayeona mto ukichafuliwa au msitu ukivamiwa anaweza kuripoti kwa afisi ya NEMA katika kaunti, au kuwasilisha kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Maswali ya kujadili nyumbani, shuleni au katika baraza

1. Ni chemchemi, mto au msitu gani katika wadi yenu usio na wa kuutetea?
2. Dawa mnazonyunyizia mboga zenu huishia wapi mvua inaponyesha?
3. Jirani akikata miti kando ya mto katika shamba lake mwenyewe, je, hilo linawahusu?