Kivungulio cha Gharama Nafuu Kinachostahimili Upepo

Katika nyanda za juu kama Kinangop, baridi ya usiku huunguza nyanya na pilipili mboga zilizopandwa nje. Kwa kuwa kivungulio cha vyuma ni ghali, mkulima mdogo anaweza kujenga cha nguzo za mbao na polithini. Lakini kisipoimarishwa, upepo wa usiku mmoja hutosha kupasua paa, na mimea iliyokaribia kuvunwa ikaharibika. Fuata hatua hizi.

1. Chagua mahali
Tafuta sehemu tambarare isiyotuamisha maji na isiyo na kivuli. Elekeza upande mfupi kule upepo mkali unakotoka mara nyingi. Ua wa miti husaidia kupunguza kasi ya upepo, mradi uwe mbali kiasi cha kutozuia jua.

2. Simika nguzo
Kivungulio cha mita 6 kwa 12 huhitaji nguzo 21: safu tatu za nguzo saba, zikiachana mita 2. Za pembeni ziwe na kimo cha mita 2 juu ya ardhi na za katikati mita 3.5, ili maji ya mvua yateremke bila kutuama juu ya paa. Zote zizame sentimita 60 ardhini na udongo ushindiliwe vizuri. Tumia nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa.

3. Imarisha pembe
Nguzo zilizounganishwa kwa mbao za kulala pekee huyumba. Katika kila pembe, pigilia mbao za mshazari kutoka chini ya nguzo moja hadi juu ya nguzo inayofuata, kwa pande zote mbili. Kazi hii huchukua mbao chache tu, nayo ndiyo huzuia jengo lisilale.

4. Kaza polithini
Nunua polithini ya vivungulio yenye unene wa mikroni 200, iliyotiwa kinga dhidi ya miale ya jua. Ile ya kawaida hupasuka mapema.

Kwanza lainisha mbao zote na ufunike ncha za misumari. Paka rangi nyeupe ya maji mahali polithini itakapogusa mbao, kwa sababu mbao zikipata joto kali huichakaza.

Itandaze siku yenye jua na isiyo na upepo, kwani ikivutwa wakati wa baridi hulegea jua likiwaka. Usipigilie msumari moja kwa moja juu yake. Weka kipande cha tyubu kuukuu na ubao mwembamba, kisha upigilie. Ukingo wa chini uzike katika mtaro wa sentimita 30. Mwisho, pitisha kamba imara juu ya paa na uzifunge kwenye vigingi kila upande.

5. Tunza
Acha sehemu ya juu ya kuta iwe na neti ya kuzuia wadudu, pamoja na pazia la polithini. Fungua pazia joto linapozidi, na ulifunge upepo unapovuma, kwa kuwa upepo ukiingia ndani huinua paa. Ukiona tundu, lizibe siku hiyo hiyo kwa utepe wa polithini.

Kabla ya kununua vifaa, muone afisa wa kilimo wa wadi yako akague shamba na akushauri.