SOMO LA MWEZI: KITU KITAKATIFU NA KITU CHA KAWAIDA

Masomo: Walawi 24:5-9, 1 Samweli 21:1-6, Danieli 5, Mathayo 12:1-8



Somo la mwezi huu linatokana na swali ambalo limezungumzwa sana kati yetu. Wageni wapya wanapofika, kabla hawajapewa kiwanja wala turubai, wanaomba kulala ndani ya kanisa. Wanaingia na watoto, masufuria na mafurushi yao. Baadhi yetu wanasema nyumba ya Mungu si mahali pa kulala na kuanika nguo. Wengine wanasema kanisa ni miti na udongo tu, hakuna cha kuogopa. Tuone Neno la Mungu linatufundisha nini.

1. Utakatifu ni nini?

Katika Biblia, kitu kitakatifu ni kitu kilichotengwa kwa ajili ya Mungu. Kisichotengwa si lazima kiwe kibaya; ni cha kawaida tu. Sufuria ya nyumbani si dhambi. Lakini makuhani waliagizwa wajue tofauti (Walawi 10:10), na Ezekieli aliwakemea walioacha kuitambua (Ezekieli 22:26).

Hata wasomi wa mambo ya jamii wameliona jambo hili. Mfaransa Émile Durkheim, mtoto wa rabi wa Kiyahudi, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1912 kwamba dini hugawa vitu mafungu mawili, vitakatifu na vya kawaida, na kwamba vile vitakatifu huwaunganisha watu kuwa jamii moja. Hatukubali mafundisho yake yote, kwa sababu yeye aliona nyuma ya utakatifu nguvu ya jamii yenyewe, wala si Mungu aliye hai. Hata hivyo jambo hilo la kuunganishwa tunalijua. Mahali tunapobatiza watoto wetu na kuwaombea wafiwa hapawezi kuwa sawa na ghala. Kwa hiyo anayesema "ni miti na udongo tu" hajasema yote.

2. Mkimbizi alikula mikate mitakatifu

Kila Sabato mikate kumi na miwili iliwekwa mbele za Bwana, na ni makuhani tu walioruhusiwa kuila. Daudi alipomkimbia Sauli, alifika Nobu akiwa na njaa. Kuhani Ahimeleki hakuwa na mkate wa kawaida. Tuangalie alichofanya. Hakusahau utakatifu wa mikate ile: aliuliza kwanza kama vijana wa Daudi walikuwa safi. Kisha akaitoa. Tendo lile lilimgharimu, kwa maana Sauli aliposikia aliamuru auawe, na makuhani themanini na watano wakafa siku moja (1 Samweli 22:18). Baadaye Bwana Yesu alilitaja jambo hilo la Daudi mbele ya Mafarisayo, naye hakumhukumu Daudi.

3. Mfalme alinywea vyombo vitakatifu

Belshaza wa Babeli alifanya karamu. Hakuwa na upungufu wa vikombe. Aliagiza vyombo vilivyotekwa katika hekalu la Yerusalemu, akanywea divai pamoja na wakuu wake, wakiisifu miungu ya dhahabu na fedha. Usiku uleule aliuawa.

Wote wawili walitumia kitu cha Mungu kwa kula na kunywa. Mmoja hakuhukumiwa, mwingine alihukumiwa. Tofauti iko wapi? Daudi alipokea kwa sababu ya uhitaji, kutoka mkononi mwa mtu aliyemheshimu Mungu. Belshaza alichukua kwa kiburi, ili ajikuze. Kwa hiyo njaa ya mtu haikitii unajisi kitu kitakatifu. Dharau ndiyo inayokitia unajisi.

4. Kanisa linapotiwa unajisi kweli

Sisi watu wa Maziwa Makuu tunajua unajisi ulio mkubwa zaidi. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, maelfu walikimbilia makanisa ya Nyamata, Ntarama na Nyarubuye wakiamini kwamba hakuna atakayethubutu kuua mahali pale. Waliuawa humo humo. Leo Nyamata na Ntarama ni mahali pa kumbukumbu. Kilichotia unajisi nyumba zile si mikeka wala masufuria ya waliokimbilia humo. Ni mikono ya waliomwaga damu ya watu walioumbwa kwa mfano wa Mungu.

Kwa hiyo tujichunguze. Mgeni akilala kanisani, kanisa halijanajisika. Lakini mimbari ikitumiwa kuchochea kabila moja dhidi ya jingine, imenajisika. Sadaka ya maskini ikiingia mfukoni mwa mtu, imenajisika, hata kama sakafu imefagiwa vizuri.

5. Tufanyeje?

Tufanye kama Ahimeleki: tusisahau heshima, wala tusifunge mkono. Meza ya Bwana na vyombo vyake viwekwe pembeni na kufunikwa. Wageni waelezwe kwa upole desturi za nyumba hii. Kupika kufanyike nje. Jumamosi jioni wote tusaidiane kufagia, wenyeji na wageni. Na usiku wa mvua, mlango usifungwe mbele ya mama mwenye mtoto.

Tukumbuke pia kwamba Mungu aliwaahidi watu wake waliohamishwa mbali na hekalu kwamba Yeye mwenyewe atakuwa patakatifu pao katika nchi walizofikia (Ezekieli 11:16). Sisi nasi tulikaribishwa na Mungu huyo tulipokuwa wageni.

Maswali ya kujadili katika vikundi:
1. Kwa nini Ahimeleki aliuliza kwanza kabla ya kutoa mikate?
2. Ni mambo gani yanayotia unajisi ushirika wetu leo?
3. Kikundi chetu kitafanya nini kwa wageni watakaofika mwezi huu?

Bwana awabariki na kuwalinda. Amina.