KUKU WA KRISMASI HULELEWA KWENYE BARIDI YA JUNI

WAFUGAJI wa Mugoma na vijiji vingine vya miinuko ya Ngara wanaotaka kuuza kuku mwezi Desemba wanakabiliwa na hesabu ambayo wenzao wa Dar es Salaam au Tanga hawana haja ya kuipiga. Kuku wa kienyeji huhitaji miezi mitano hadi sita kufikia uzito wa kumridhisha mnunuzi. Ukirudi nyuma kutoka Krismasi, kifaranga anatakiwa awe ameanguliwa Juni au mwanzoni mwa Julai. Hiyo ndiyo miezi ambayo usiku wa huko ni wa baridi kali, kwani kiangazi anga huwa haina mawingu na joto la mchana hupotea mara jua linapozama. Kwa lugha ya biashara, bei nzuri ya mwisho wa mwaka hulipiwa miezi sita kabla, na malipo yake ni joto.

Soko lenyewe lipo. Wilaya ina vituo viwili vya mpakani, Kabanga kwa upande wa Burundi na Rusumo kwa upande wa Rwanda, na magari ya mizigo hayakosekani. Penye madereva pana mama lishe, na penye mama lishe pana mnunuzi wa kuku na mayai. Hata hivyo, wilaya hiyo inajua pia jinsi soko linavyoweza kuhama. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakajaza kambi ya Benaco, na bei za vyakula ambavyo havikuwamo kwenye mgawo wa misaada zikapanda sana. Desemba 1996 walirudishwa kwao na wateja hao wakatoweka. Anayepanga mradi wa kuku leo afadhali awe na wanunuzi watatu wadogo kuliko mmoja mkubwa.

Hasara ya kifaranga mmoja

Wafugaji wengi huhesabu kifaranga aliyekufa kuwa ni hasara ya bei yake tu. Hesabu hiyo si kamili. Aliyenunua vifaranga 100 wakafa 20 amebakiwa na 80, na kila mmoja wa hao 80 sasa amebeba gharama ya kifaranga mmoja na robo. Kama walikufa wiki ya nne badala ya siku ya pili, kila mmoja amekufa akiwa amekwisha kula karibu nusu kilo ya chakula, na fedha hiyo nayo hugawanywa kwa waliobaki. Sehemu za baridi vifo vingi hutokea katika wiki nne za mwanzo, kabla manyoya hayajafunika mwili. Ndiyo maana fedha inayotumika kwa joto katika wiki hizo ina faida kuliko fedha yoyote nyingine itakayoingia bandani.

Kipimo kinajulikana. Wiki ya kwanza kifaranga anahitaji nyuzi 32 hadi 35 za Sentigredi, kisha zinapunguzwa nyuzi 3 hivi kila wiki hadi kufikia 21. Asiye na kipimajoto awaangalie vifaranga wenyewe. Wakirundikana karibu na chanzo cha joto huku wakilia, wana baridi. Wakikimbilia pembeni na kutweta midomo wazi, joto limezidi. Wakirundikana upande mmoja tu, kuna tundu linaloingiza upepo upande wa pili. Wakitawanyika kote, wengine wakila na wengine wakilala, hapo mambo ni sawa. Ukaguzi wenye maana ni wa saa kumi alfajiri, si ule wa saa mbili usiku kabla mfugaji hajakwenda kulala.

Swali linalofuata ni jinsi ya kulipata joto hilo kwa gharama nafuu. Chungu cha mkaa hufanya kazi, lakini mkaa unanunuliwa kila siku. Kinachopunguza gunia la mkaa ni kulizuia joto lisitoroke. Uzio wa duara wa bati au karatasi ngumu, wenye kipenyo cha mita moja na nusu hadi mbili, unatosha vifaranga 100 kwa kuanzia, na kwa kuwa hauna kona, hawapati mahali pa kukandamizana. Chini huwekwa maranda makavu ya unene wa sentimita 5 hadi 10, kwa sababu sakafu tupu hunyonya joto la miguu na tumbo. Juu yake, kwa urefu usiofikiwa na moto, magunia yaliyotandazwa kama dari huzuia hewa moto isipande hadi kwenye bati la paa. Vitu vyote hivyo hununuliwa mara moja, ilhali mkaa hauna mwisho.

Hapa pana kosa ambalo limewatia wengi hasara. Mfugaji akiogopa baridi huziba banda lote. Mkaa ndani ya chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na asubuhi vifaranga hukutwa wamekufa wakiwa na joto la kutosha. Mkaa uwashwe nje hadi moshi uishe ndipo uingizwe, na sehemu ya juu ya ukuta iachwe wazi hata usiku wa Julai. Kinachozibwa ni sehemu ya chini, usawa wa kuku. Banda ambalo mtu akiingia macho yanamwasha lina hewa chafu ya kinyesi, na maranda yaliyolowa hualika ugonjwa wa kuhara damu.

Mashine isiyohitaji umeme

Kwa kutotolesha, mtetea wa kienyeji bado hana mpinzani vijijini. Mashine inahitaji nyuzi 37.5 hivi usiku na mchana kwa siku 21, na mayai yageuzwe angalau mara tatu kwa siku hadi siku ya 18. Katika chumba cha baridi mashine hula umeme zaidi, na umeme ukikatika hupoa haraka. Ni kweli kwamba maporomoko ya Rusumo yana mradi wa megawati 80 zinazogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, lakini yai haliulizi megawati ngapi zimezalishwa. Linauliza umeme ulikatika saa ngapi.

Mtetea apewe mayai 10 hadi 12 yasiyozidi siku saba tangu kutagwa, katika kiota kikavu kilichoinuliwa kutoka kwenye udongo. Kumwekea mayai 15 katika majira ya baridi ni kujidanganya, maana ya pembeni hupoa.

Mbinu yenye faida ni kuwaatamisha mitetea kadhaa kwa pamoja. Anayetangulia kuatamia hupewa mayai mabovu hadi wenzake wawili au watatu wafuate, ndipo wote wawekewe mayai mazuri siku moja. Baada ya siku 21 vifaranga hukusanywa na kulelewa kwenye uzio wenye joto, na mitetea hurudi kutaga baada ya wiki chache. Mtetea anayeachwa alee mwenyewe hukaa miezi miwili au mitatu bila yai, na kwa mfanyabiashara huo ni mtaji uliolala.

Chakula nacho ni kuni

Kuku anayesikia baridi hula zaidi ili kupasha mwili wake, na ongezeko hilo halionekani kwenye yai wala kwenye nyama. Kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Wakiwa 100, na kila mmoja akiongeza gramu 10 tu kwa sababu ya upepo unaopita bandani, ni kilo moja kwa siku, yaani kilo 365 kwa mwaka. Hiyo ni mifuko saba ya kilo 50 na ziada.

Anayechanganya mwenyewe chakula cha kuku wanaotaga anaweza kupata kilo 100 zenye protini ya asilimia 16 hadi 17 kwa mahindi yaliyoparazwa kilo 42, pumba za mahindi 20, mashudu ya alizeti 18, dagaa 10, chokaa ya mifugo 7, unga wa mifupa 2, na nusu kilo nusu kilo ya chumvi na virutubisho vya dukani. Dagaa wapimwe kwanza kwa kumwaga konzi moja kwenye ndoo ya maji: mchanga huzama, na anayenunua bila kupima hulipia ufukwe. Mashudu ya pamba yanaweza kuwa rahisi, lakini yakizidi kiini cha yai hubadilika rangi kikikaa, na mteja wa Kabanga hatarudi.

Asiyeweza kumudu joto la Juni ana njia nyingine. Machotara kama Sasso na Kuroiler hufikia uzito wa kuuzwa kwa miezi mitatu hadi minne, hivyo wanaweza kuingizwa mwishoni mwa Agosti baridi inapopungua na bado wakawahi Desemba. Gharama ya kifaranga na chakula huwa juu zaidi, na baadhi ya wanunuzi hulipa zaidi kwa kuku wa kienyeji halisi, kwa hiyo bei iulizwe sokoni kabla ya kuagiza.

Kwa njia zote mbili, kiangazi ndicho kipindi ambacho mdondo huvuma. Chanjo ya I-2, ambayo hustahimili joto kuliko chanjo za zamani na hutolewa kwa tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inatosha mamia ya kuku. Nyumba kumi zenye kuku kumi kumi zinaweza kuchangia chupa hiyo na kuchanja siku moja kwa msaada wa bwana mifugo, tena mapema Mei, kabla ya mayai ya Krismasi kuwekwa chini ya mtetea.