Istilahi "Zamadamu" na Wachoraji wa Miambani wa Kondoa

Makala haya yanachunguza istilahi moja ya akiolojia, zamadamu, ambayo imekwisha kuzoeleka katika mihadhara yetu. Kimuundo neno hili halina dosari: zama limeunganishwa na damu, kipande cha binadamu, yaani bin Adamu. Tatizo lipo katika semantiki. Mara nyingi husikika likitumiwa kwa kiumbe wa Olduvai na pia kwa wachoraji wa miambani wa Kondoa, kana kwamba hao walikuwa jamii moja.

Fuvu alilolivumbua Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959 lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Liliitwa Zinjanthropus boisei: Zinj ni jina la pwani yetu katika maandishi ya kale ya Waarabu, anthropus ni mtu kwa Kiyunani, na boisei humkumbuka Charles Boise aliyefadhili utafiti. (Kiumbe wa bara, basi, alipewa jina la pwani.) Hata hivyo huyo hakuwa "mtu" wa Zinj. Wataalamu wengi sasa humweka katika jenasi Paranthropus, tawi la pembeni lililokoma bila kutuzaa sisi.

Michoro ya Kondoa ni suala jingine kabisa. Leakey huyo huyo aliinakili mwaka 1951, na UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Umri wake bado unabishaniwa. Lisilobishaniwa ni kwamba waliochora twiga, pofu na watu warefu wembamba kwa rangi nyekundu walikuwa Homo sapiens, sawa na msomaji wa makala haya. Walikuwa na lugha. Wasandawe, ambao lugha yao ina vidoko, wangali wanaishi katika ukanda huo, na katika miaka ya 1970 Eric ten Raa alihusisha sehemu ya sanaa hiyo na matambiko yao. Kumwita mchoraji huyo zamadamu ni kumtoa katika ubinadamu na kuwanyima walio hai babu yao.

Inapendekezwa kuwa zamadamu libaki kwa viumbe wa Olduvai na kwa wale walioacha nyayo Laetoli miaka milioni 3.66 iliyopita. Wachoraji waitwe watu wa kale, au wachoraji wa miambani tu. Kamusi nazo zingefaa kutaja wazi, katika fasili ya kidahizo hicho, kwamba Homo sapiens hamo.