Dondoo muhimu: Mtoto anapoanza mbio

Chepsaita, Kaunti ya Uasin Gishu, huandaa mbio za nyika zinazowavutia pia wanariadha chipukizi. Mzazi azingatie haya:

• Muda: Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku, miaka 5 hadi 17.

• Mifupa: Kukimbia na kuruka kamba, angalau siku 3 kwa wiki, huiimarisha.

• Mchanganyiko: Kandanda na voliboli hujenga viungo tofauti. Kung'ang'ania mchezo mmoja mwaka mzima huongeza hatari ya majeraha.

• Usingizi: Saa 9 hadi 12 kwa walio na miaka 6 hadi 12.

• Maumivu: Akichechemea, apumzishwe. Yasipoisha, mpeleke hospitalini.